Nyumba Yangu Itaipa Barabara Mgongo

Leo fundi wangu ameniona nimechanganyikiwa.

Nimefika ploti hapa Kitengela nikapata amehamisha vigingi vyote vya msingi. Ati nyumba lazima iangalie barabara!

Nikamwambia, "Ng'oa. Huko ni magharibi, jua la jioni litatuchoma. Mimi nitatumia sola, sitaki umeme wote uishie kwa feni."

Akacheka. Mafundi wote wakacheka.

"Mama, majirani watasema umewapa mgongo."

"Waseme."

Nikamuuliza, "Kwako sebule inaangalia wapi?"

"Barabara. Magharibi pia."

"Na saa kumi jioni mnakaa wapi?"

"Nje," akasema. "Nyuma ya nyumba."

Kigingi cha kwanza aling'oa mwenyewe.

Haya, semeni ukweli. Nyinyi saa kumi mnakaa wapi?