Mwito wa Tatu

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane nilikatazwa kumwitikia baba yangu, nami nikatii. Ni miaka mingi sasa, na utii ule bado hunichekesha, ingawa pengine huniuma kidogo.

Tulikaa Makindye, katika nyumba za polisi, chumba kimoja chenye pazia katikati. Baba alikuwa fundi wa magari ya polisi, mtu wa kaskazini. Mama alikuwa Muganda. Kwa kuwa hakuna aliyekubali kujifunza lugha ya mwenzake, nyumbani tuliongea Kiswahili, kila mtu akikivunja kwa namna yake. Ilikuwa miaka ya utawala wa jeshi. Watu wa kwao baba waliitwa majina usiku mlangoni, wakatoka kuitika, wasionekane tena. Baba yeye alikwenda kazini asubuhi moja na hakurudi. Wiki za kwanza mama alimwekea chakula. Baadaye aliacha kuweka, ila sahani yake hakuruhusu mtu aiguse.

Ndipo Jjajja, mama yake mama, akaja kutoka kijijini na kutangaza kwamba tutapanda mlimani kwa Bikira Maria. Ng'ambo ya Nateete kulikuwa na kilima chenye kikanisa kidogo kileleni. Wakatoliki walikipanda usiku, miguu peku, mmoja nyuma ya mwingine, ili alfajiri iwakute juu. Kila nyumba ilipeleka ombi moja tu. La kwetu halikuhitaji kusemwa.

Jjajja alivaa rozari shingoni, na katika pindo la busuti lake, vazi refu la wanawake wa Kiganda, alifunga punje za kahawa kavu za kutafuna, kama walivyofanya wazee wake kabla ya padri yeyote kufika. Hakuona tatizo lolote hapo. Alinitia punje mbili mdomoni, akaniinamia.

"Sikia, Akello. Kule kwa mulima, mutu akiita wewe nyuma, nyamaza. Hapana geuka. Mutu muzima anaita mala tatu. Wale wafu anaita mala mbili tu, anachoka."

"Na kama ni mtu ninayemjua?"

"Huyo ndiyo mubaya zaidi."

Tulianza kupanda giza lilipokolea, watu kama thelathini, bila taa hata moja, kwa sababu askari walipita barabara ya chini. Mama alinitangulia. Jjajja alikuwa wa mwisho katika msafara wote, ili anilinde mgongo. Njia ilikuwa nyembamba, majani yenye umande yakinigusa magoti. Nilikuwa na furaha, lazima niseme kweli. Sikuwa nimewahi kuruhusiwa kukesha na wakubwa, na kahawa ile chungu ilinifanya nijione mtu mzima.

Tulipofika katikati ya mlima, nikasikia nyuma yetu, kwa chini, "Akello!"

Ilikuwa sauti ya baba. Kidole cha Jjajja kikanigusa mgongoni: nenda. Nikaenda.

"Akello!"

Mara ya pili. Mbele yangu mama alisimama ghafla nikamgonga. Hakugeuka. Nilishika nguo yake. Nikang'ata kahawa na kuomba, Mungu wangu, moja tu, bado moja tu. Badala yake tukasikia lori likinguruma barabarani, likapunguza mwendo, watu wote wakanyamaza hata pumzi. Lilipokwisha kupita, nyuma yetu kulikuwa kimya.

Mama akaanza kutembea tena. Alikuwa akisali rozari ya kumrudisha mumewe; sasa nikamsikia akisali sala ya marehemu. Alipanda nusu ya mlima ule akiwa mjane. Mimi nilihesabu hatua, nikingoja mwito wa tatu, na kila hatua nilimchukia Jjajja.

Kileleni palikuwa na mishumaa michache ndani ya kikanisa na anga lilianza kupauka. Mama alipiga magoti nje, kwenye majani, hakuwa na haraka ya kuingia. Ndipo nikasikia mtu akikohoa ukingoni mwa njia.

"Akello," akasema baba, taratibu.

Sikumbuki nilivyofika kwake. Nakumbuka harufu ya moshi kwenye shati lake, maana wiki zote zile wachoma makaa walimficha msituni, baada ya rafiki kumtonya kwamba jina lake liko kwenye orodha. Jioni ile alikuwa ameingia Makindye kwa kunyemelea, na jirani yetu Mama Zuhura akamwambia tulikokwenda. Mama alimshika uso kwa mikono miwili, akampiga kifuani, akamshika tena.

"Mimi naita nyinyi, hakuna mutu naitika!" baba alilalamika. "Halafu gari ya askari nakuja, nanyamaza. Halafu nasikia wewe naomba sala ya wafu. Mimi nauliza, nani nakufa kwetu?"

"Kwa nini hukutupita ukaja mbele?" mama aliuliza, akilia na kucheka.

Baba alielekeza kidevu kwa Jjajja. Njia ilikuwa nyembamba, na Jjajja alikuwa nyuma yetu. Kwa Waganda mtu hamgusi mama mkwe wake, hamkaribii hata. Baba, mtu wa kaskazini aliyeishika desturi ya wakwe zake kuliko wenyewe, alikuwa amepanda nusu ya mlima hatua kumi nyuma ya bibi kizee, akiogopa kumgusa busuti.

Jjajja naye alikuwa ameshampa mgongo, amejifunika kichwa kwa heshima. "Akello," aliniambia, "ambia huyo mutu, akaribie. Lakini mbali."

Hatukurudi Makindye. Tuliteremka upande wa pili hadi kijijini kwa Jjajja, na Mama Zuhura akatutumia sufuria zetu baadaye, na ile sahani.

Wengine huniuliza kama bado naamini habari za wafu na miito. Ninachojua ni kwamba katika miaka ile, aliyejifunza kutoitika haraka gizani aliweza kuzeeka. Jjajja alitufundisha hilo kwa njia aliyoijua, na simlaumu tena.

Baba alizeeka. Alifariki kitandani mwake, mkono wake mkononi mwangu. Jioni nikiwa jikoni, mara mojamoja, nasikia jina langu kutoka uani kwa sauti ile. Mara moja, halafu ya pili.

Nilishamngojesha nusu ya mlima. Siku hizi sihesabu. Naitika.