Ukingo Mwekundu wa Wanjira

Mwaka wa 2009, mabomba yalipokauka upande wa magharibi wa Nairobi, watu wa Woodley hadi Kinoo waliijua sauti ya Wanjira bila kuijua sura yake. Aliketi katika ofisi ya ghorofani katikati ya jiji, akipokea simu za wanaohitaji maji na kuwaelekeza madereva wa malori waliojaza kwenye kisima cha Kabiria.

Kila oda ilifungua dirisha lake kwenye kompyuta, na jipya lilifunika la zamani. Ndivyo mjane mmoja wa Woodley alivyosahauliwa kutwa nzima na ndoo zake tupu. Wanjira aliibeba aibu hiyo hadi nyumbani.

Akaweka programu nyingine, ile isiyoruhusu dirisha kufunika jingine. Iliyapanga yote kama vigae ukutani. Lakini nayo ilikuwa na tabia yake: aliyekuja mwisho ndiye aliyepewa nafasi kubwa. Wanjira akaibadilisha tabia hiyo. Aliandika maagizo yake mwenyewe, mstari kwa mstari, akijaribu na kufuta, mpaka dirisha jipya likajua kukaa nyuma na kungoja. Kisha akaongeza jambo moja: dirisha likisukumwa kutoka zamu yake, ukingo wake uwe mwekundu mpaka maji yafike.

Jumamosi moja zamu na nafasi kubwa zilikuwa za kliniki ya uzazi ya Kinoo, ambako maji yaliyosalia yangemtosha mama mmoja tu. Lori lililojaa lilikuwa moja. Karanja, mwenye malori, akaingia na kusimama nyuma ya kiti.

"Wanjira, huyu wa Kileleshwa ni mtu wangu. Anamwoza binti yake leo. Mlete mbele."

"Kitufe ni hiki, mzee. Bonyeza."

Akabonyeza. Oda ya harusi ikatanda kwenye skrini. Kinoo ikasogea pembeni, nyekundu. Karanja aliitazama.

"Hii rangi umeniwekea mimi?"

"Nimejiwekea. Mimi ndiye hudanganywa na sauti tamu hapa."

Simu ikalia mfukoni mwa Karanja. Kabla ya kuipokea, alikitafuta kitufe kile kile kwa kidole, akabonyeza tena; Kinoo ikarudi mbele. Wanjira alikuwa tayari anamwambia dereva ashike njia ya Kinoo.

"Ndugu yangu," Karanja alisema kwenye simu, akielekea dirisha la ofisi, "wageni wako si bado wako kanisani?"