Mbwa wa Uvunguni

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, alitamka mbele ya nyumba nzima: mvua zikiisha, mbwa huyu awe anawinda, la sivyo nitampiga risasi mwenyewe. Hakuwa anatania. Alikuwa na bunduki yenye kibali, anawinda kanga na kwale huku kwetu nje ya mji mdogo wa Mhunze, na akishasema neno harudi nyuma.

Mbwa mwenyewe ni spanieli, wale wa kizungu wenye masikio marefu. Mume wangu aliachiwa na fundi mitambo aliyehamishwa kutoka mgodini, tukamlea tukiwa kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita, kabla ya kuhamia huku kwao. Alilala kwenye kochi, na dagaa alikula kuliko mimi. Shemeji alisikia kwamba kwao mbwa hawa hufuata bunduki, huwatimua ndege vichakani na kuwaleta bila kuwatafuna.

"Sasa huyu wako anajua nini zaidi ya kochi?" aliniuliza.

Mume wangu alikuwa amezikwa juzijuzi tu, na mbwa yule bado alikuwa anamsubiri mlangoni kila jioni. Wangemuua, ningebaki kumsubiri peke yangu.

Basi nikamfundisha, mimi ambaye hata kuku wananishinda. Nilifunga bawa la kanga kwenye kitambaa, nikawa nalirusha kwenye mabua ya mtama. "Lete!" Mara ya kwanza alilileta, mara ya pili akalilalia. Jioni namtoa mibigiri masikioni huku nalia, naye ananilamba machozi, mjinga yule, akidhani tunacheza.

Mlio wa bunduki haukumtisha. Kwa aliyezoea baruti za maduarani, kwenye mashimo ya wachimbaji, bunduki ni mlango uliobamizwa na upepo. Shida ilikuwa filimbi. Shemeji aliinunua kwa sababu alisikia ndivyo mbwa hawa wanavyoitwa. Alipoipuliza tu, mbwa mbio hadi uvunguni mwa kitanda changu. Nilielewa palepale. Kule machimboni, kabla ya kulipua hupulizwa filimbi, kila mtu ajifiche, maana mawe hushuka mpaka kwenye mabati ya nyumba. Mume wangu ndiye aliyemfundisha: filimbi ikilia, uvunguni. Nilimweleza shemeji, nikampigia magoti. Akasema haya, tutamwita kwa mdomo. Lakini filimbi ilibaki shingoni mwake.

Mvua zikaisha. Tulitoka asubuhi hadi kwenye korongo lililo nyuma ya mashamba yetu. Kanga wakaruka, shemeji akafyatua, mmoja akaanguka ng'ambo.

"Lete," nilisema.

Akaenda. Akatokea na kanga mdomoni, na mimi nikapumua. Hapo ng'ombe wa watu wakapita katikati yetu, mbwa akasita. Shemeji, kwa papara zake, akapuliza filimbi. Mbwa akageuka akatimka, na kanga wetu mdomoni.

"Basi, yameisha," shemeji alisema. Akatia risasi, akashika njia ya nyumbani.

Nilimpita mbio, mtandio ukaangukia huko. Nikaingia chumbani kwangu, nikatambaa uvunguni. Alikuwepo, anatetemeka mwili mzima, na kanga bado yuko mdomoni. Njia yote ile hakuwa amemwachia.

"Shemeji, toka humo," ilisema sauti ya shemeji mlangoni. "Nipishe."

Tangu niolewe sikuwahi kumjibu mkubwa wa ukoo ule. "Sitoki. Ukipiga, utupige wote."

Kisha nikamnong'oneza mbwa, "Lete." Akaniwekea kanga kiganjani. Nikamsukuma ndege yule sakafuni mpaka kwenye viatu vya shemeji. Mkono ukashuka ukamwokota. Nilijua anatafuta alama ya jino, anapapasa kifua, anafunua mbawa, na nilijua hataiona. Nikaanza kuomba Mungu kwa sauti.

Nikasikia bunduki ikikunjwa katikati, risasi ikatolewa, halafu ya pili. Viatu vikaondoka. Mimi nilibaki palepale, nimemkumbatia mbwa wa mume wangu shingoni, hadi sote wawili tukaacha kutetemeka.