Samaki wa Maabara Niliyemla

Leo nacheka, lakini siku ile ningeona shimo pale sokoni Migori ningeingia na kujifunika udongo mwenyewe. Nawaambia mapema kwa sababu mkikaa sana na akina mama wa samaki mtaisikia kutoka kwao, na wao huiongezea chumvi.

Mimi ni fundi wa maabara katika chuo kimoja Homa Bay. Tunapima kama kemikali inaweza kubadilisha vinasaba, na tunaijaribia kwa bakteria. Hawa bakteria wamelemazwa makusudi, hawawezi kujitengenezea chakula kimoja cha lazima, kwa hivyo ukiwaweka kwenye sahani isiyo na hicho chakula wanakaa tu na njaa yao, hawazaani, ila wachache mno wanaojibadilikia wenyewe. Ukiwatilia kemikali mbaya, baadhi yao wanabadilika, wanapata tena uwezo wa kujipikia, na baada ya siku mbili unakuta madoa meupe kwenye sahani. Madoa yakizidi, hiyo kemikali iogope. Tulikuwa tumeshapima dawa za kunyunyizia sukuma wiki na maji ya madimbwi ya Osiri kule wanakochimba dhahabu, nikaona nimeiva, nikaomba nipime kitu changu mwenyewe: moshi wa samaki.

Samaki nilijua pa kumpata. Mama yake Akinyi (Akinyi ndiye ninayetaka kumuoa, na kwao nilikuwa nimefika mara moja tu, nimevaa tai ya kuazima) anakausha samaki kwa moshi Kendu Bay na kuwauza Migori. Hiyo kazi ndiyo iliyomsomesha Akinyi. Mama akanitumia samaki watatu wa moshi na ngege mmoja mbichi, kwa sababu nilimwambia Akinyi kwamba bila mbichi wa kulinganisha siwezi kujua kama ni moshi ama ni samaki mwenyewe.

Nilisema hayo kwa mdomo wangu, jamani.

Sasa saa saba mchana sijala, chai ya asubuhi imeisha nguvu, ngege yuko pale mezani, mnene, macho bado yanang'aa, na nyuma ya maabara kuna jiko la mlinzi. Mtu wa ziwa mnamjua. Nikajiambia, huyu nitanunua mwingine kesho. Nikamkaanga na nyanya, nikamla na ugali mpaka kichwa (kichwa ndicho kitamu, msinihukumu). Kesho ikaja, sikununua. Nikasaga wale wa moshi peke yao, nikapima, na sahani zikafunguliwa zimejaa madoa hadi hazihesabiki. Nilifurahi kama mtu aliyepata dhahabu.

Wiki hiyo hiyo chuo kikawa na siku ya afya sokoni Migori. Nilipewa maikrofoni niongee dakika mbili tu kuhusu kunawa mikono. Ningenawa mikono nikanyamaza. Lakini watu walinisikiliza vizuri, kichwa kikavimba, nikajikuta nasema, "Na samaki wa moshi, watu wangu, muwe waangalifu! Tumempima. Anabadilisha vinasaba!"

Yawa! Mama mmoja aliyekuwa amechagua samaki wake akamrudisha pole pole. Na aliyerudishiwa, hatua kumi kutoka kwangu, alikuwa mama yake Akinyi. Sikujua amekuja.

Madam Awuor, mkuu wetu wa maabara, akasogea mbio. "Hayo matokeo sijayaona. Mbichi alionyesha nini?"

Nikajifanya napangusa maikrofoni.

"Nimekuuliza, samaki mbichi alionyesha nini?"

"Madam," nikasema, na maikrofoni iko mdomoni, "mbichi nilimla."

Spika ikalipeleka neno hilo hadi stendi ya magari. Na kwetu mkwe na mama mkwe hawazoeani, mnasalimiana kwa heshima, wala huli mbele yake. Mimi nimelitangazia soko zima kwamba nimekula mali yake. Akaniangalia, akasema kwa sauti ya chini, "Ora," yaani mkwe, "nilikupa upime ama ule?"

Madam akachukua maikrofoni. "Samaki yeyote ana kile chakula bakteria hawa wanakosa. Huyu hakupima moshi. Aliwalisha wenye njaa, na yeye akajilisha." Watu wakacheka, lakini hawakununua. Jioni mama alirudi Kendu Bay na karai limejaa, na Akinyi hakushika simu yangu siku nne. Hapo sikucheka hata kidogo. Niliumia.

Nikarudia kazi yote, Madam amesimama nyuma yangu, mbichi na wa moshi, tukiondoa kwanza kile chakula. Madoa yakawa machache tu, sawa na sahani ambayo haikuwekwa kitu. (Madam alinionya nisiseme zaidi ya sahani ilivyosema.) Siku ya soko iliyofuata nikasimama pale pale, nikayaeleza yote.

"Maneno tumesikia," mama mmoja wa nyanya akapiga kelele. "Si umle tuone!"

Nikamwangalia mama yake Akinyi. Nile mbele yake? Akachagua samaki mkubwa kwenye karai, akamweka juu ya gazeti, akamsukuma kwangu. Kisha akajitanda leso kichwani, akanigeuzia mgongo ili nile bila kuvunja heshima, akakaa hivyo, ameangalia ukuta, mpaka nikamaliza. Machozi yalinitoka. Nilisingizia mwiba.

Watu wakaanza kununua. Nilipokuwa naondoka akaniita, bado hanitazami, akanipa mfuko wenye ngege wawili wabichi. "Ora, huyu wa sahani zako. Huyu wa tumbo lako. Usichanganye."

Tangu siku hiyo sipimi kitu chochote kabla sijashiba, na maikrofoni nikiiona naipita kwa mbali. Yule wa tumbo nilimla nyumbani, na kichwa nikampa Akinyi.