Kinyozi wa Milango Miwili

Kibanda cha kinyozi kilikuwa na milango miwili, mmoja ukitazama Mtaa wa Juu, mwingine Mtaa wa Chini. Katikati palikuwa na kiti kimoja, kioo chenye ufa, na kinyozi mwenyewe, aliyebandikwa jina la Sawasawa kwa sababu hakuwahi kumkatalia mtu jambo. Wa Juu walikaa benchi lao, wa Chini lao, naye akinyoa kwa zamu, mmoja wa huku, mmoja wa kule. Ajabu ni kwamba kutwa nzima kila benchi halikuwa na habari nyingine ila za benchi la pili.

"Wa kule wana vichwa vigumu," alisema seremala wa Juu. "Mashine yako itaisha meno, kinyozi."

"Bora kigumu kuliko kitupu," akajibu muuza mkaa wa Chini.

Ijumaa timu zao zilipigana mpirani, na refa akatimuliwa. Jioni hiyo mwenyekiti wa Juu, kaka wa mke wa kinyozi, aliingia bila hodi.

"Shemeji, ziba mlango wa kule. Usipoziba, huoni tena kichwa cha Juu hapa."

"Sawa, shemeji."

Mwenyekiti alipotoka tu, akatokea mama mdogo wa kinyozi, mkazi wa Chini. "Mwanangu, mlango wa Juu uzibwe, la sivyo sote tunahama."

"Sawa, mama mdogo."

Mkewe aliposikia alishika kiuno. "Wateja wa upande mmoja hawalishi watoto watano. Haya, na wewe utaingilia wapi?"

Kinyozi ni mtu wa ahadi. Jumamosi asubuhi alipigilia mbao milango yote miwili, akaingia kwa dirisha, akaketi kitini mwake akijitazama kiooni.

Jumatatu iliyofuata shule ingekagua nywele. Kufika saa nne Jumamosi hiyo hiyo, wazazi wa mitaa yote walikuwa chini ya dirisha, na kwa kuwa dirisha ni moja, foleni ikawa moja. Dirisha lenyewe lilikuwa juu. Watoto walinyanyuliwa, wakaingiza vichwa ndani kama mbuzi horini. Seremala akajikuta amembeba mtoto wa muuza mkaa.

"Mshike vizuri, kaka, anacheka huyo," kinyozi akasema toka ndani.

"Nimemshika. Mzito kama baba yake."

Mwenyekiti alifika na mwanawe, akamkuta mama mdogo mbele yake na mjukuu. Walitazamana, wakatazama foleni, wakatazama mbao.

"Upuuzi gani huu?" mama mdogo akamuuliza kinyozi.

"Ni wenu, mama. Mimi nimepigilia tu."

Nyundo ziliazimwa mbili. Mama mdogo akang'oa mbao za mlango wa Juu, mwenyekiti akang'oa za mlango wa Chini, kila mmoja akimchungulia mwenzake asije akamtangulia. Mama mdogo alimaliza kwanza. Mwenyekiti akadai misumari yake ilikuwa mingi, ihesabiwe. Walipokuwa wakiihesabu kwa makelele, mabenchi yote mawili yalishajaa, na kinyozi akaita anayefuata.