Sweta la Lushoto

Mjukuu wangu kaniletea sweta leo, linanuka ile dawa ya mitumba. Nimemwambia alitoe ndani mwangu.

Utotoni mwangu nguo hizo tukiziita kafa ulaya. Mama alimnunulia baba sweta kama hilo, hapa hapa Bagamoyo, kwenye joto la kukausha kisima. Baba alikuwa mifupa mitupu, hospitali walishasema ugonjwa wake hauna dawa. Wakapanga kwenda Lushoto, aionje baridi kabla hajafa.

"Huko watu hutoa moshi mdomoni," baba alisema.

"Sigara yenyewe huvuti, moshi utautoa wapi?" Mama akamvika sweta, wakacheka mpaka baba akakohoa. Nami nikacheka.

Shangazi akaingia. "Wifi, mgonjwa hatembezwi kama bibi harusi. Subirini Maulidi yapite, aondoke na dua."

Baba hakuwahi kumkatalia dada yake mkubwa. "Basi, mke wangu, tusubiri."

Alikufa kabla ya Maulidi. Yalipopita, mama alikuwa chumbani kwenye eda, na shangazi ametandika mkeka mlangoni, anamchunga asitoke.