Mama Ivy anapata mkwe, ghorofa lina ngazi moja

JINJA, Septemba 1997

Saa moja asubuhi, maduka ya katikati ya mji yakiwa bado yamefungwa, Eucabeth Odhiambo anasimama chini ya ngazi za jumba jipya la ghorofa, anatua kikapu chake sakafuni na kukohoa. Hana mafua. Anakohoa mara ya pili, kwa nguvu zaidi, kisha anatega sikio.

Juu kimya. "Hakuna mtu," anasema, na kuinua mguu wa kulia kwanza. Goti la kushoto lilianza kumsumbua mwaka jana, na ngazi za saruji hazilihurumii.

Hajafika katikati, kijana mrefu anatokea juu na kushuka mbio. Anapokea kikapu, ambamo mna pasi ya makaa na vipande vya nguo, kisha anamshika mama huyo mkono.

"Mama, si nilisema uniite?"

"Nimekohoa. Wewe na redio zako, utasikia nini?"

Kijana huyo ni Douglas, fundi redio. Chumba chake kinatazamana na chumba cha kushonea cha Eucabeth, mlango kwa mlango, na ujia mwembamba katikati. Disemba hii anatarajia kumwoa Ivy, binti pekee wa Eucabeth. Furaha ya harusi hiyo imeingia doa, na doa lenyewe ni hizi ngazi wanazozipanda sasa wameshikana mikono.

Douglas ni Msoga wa Budondo. Kwao, mwanamume na mama wa mkewe hawapeani mikono, hawakai karibu, na wakikutana njiani mmoja huingia vichakani mwingine apite. Anayevunja mwiko huo, husemwa, hupatwa na buko, ugonjwa wa kutetemeka mikono. Jumba hili lina ngazi moja tu, na wapandao wakikutana na washukao hupishana ubavu kwa ubavu.

"Mimi ni Mjaluo," anasema Eucabeth akiwa ameshaketi, akipuliza makaa ya pasi. "Sisi pia tunaheshimu wakwe, lakini hatutetemeki. Sasa sijui kama hiyo buko inavuka mpaka. Lakini yeye anashika nyaya ndogo kama nywele, na mimi natia uzi kwenye sindano. Tukitetemeka sisi wawili, nani atalisha nani?"

Anacheka, kisha kicheko kinakatika. Siku Douglas atakapokwenda Ugenya, upande wa Kenya, kujitambulisha rasmi kwa wazee wa ukoo, ndipo atahesabiwa mkwe, na wawili hao hawataweza tena kutumia ngazi hizi pamoja. Mmoja itabidi ahame.

Eucabeth, mwenye umri wa miaka arobaini na saba, alikuja Jinja mwaka 1976 akimfuata mumewe, Gordon, aliyekuwa fundi mitambo katika kiwanda cha nguo. Gordon alifariki mwaka 1988, akamwachia mtoto mmoja na cherehani moja. Hakuwa na kodi ya duka. Akaiweka cherehani kwenye baraza la duka la zamani lililojengwa na Wahindi, penye nguzo ya tatu, akaanza kushona gomesi, vazi refu la heshima la wanawake wa Uganda.

Mwanzo ulikuwa mgumu, na ugumu wenyewe ulikuwa Kiswahili chake.

"Wamama wa hapa walikuwa wanasikia Kiswahili wanakumbuka wanajeshi, wao ndio walikuwa wanakiongea," anasimulia. "Ukimwambia mtu 'nyoosha mkono,' hajui kama unampima au unamkamata. Ikabidi nijifunze Kisoga haraka haraka. Nilianza na maneno ya kiuno na mabega."

Akakizoea, nao wakamzoea. Wanawake wa Buwenge na Budondo wakishuka mjini siku za soko, walijua nguzo ya tatu. Mvua ikinyesha, baraza lilijaa watu, na kati ya watu hao hakukosekana anayehitaji kupunguziwa mikono ya gomesi au kubadilishiwa mkanda. Wiki nzuri alishona gomesi tano, na kila moja ilimwachia kama shilingi elfu sita baada ya kutoa gharama. Ivy alisoma kwa baraza lile.

Kisha mwaka jana zikavuma habari kwamba duka la zamani linavunjwa. Mwenye kiwanja, Mzee Matia, mfanyabiashara wa kahawa kutoka Buwenge, alitaka ghorofa lenye vioo.

Mji uligawanyika. Semei, anayebeba abiria kwa baiskeli, bado ana kinyongo. "Ile baraza ilikuwa ya kila mtu. Hii mpya, kioo imekuja mpaka barabara. Mvua ikikupata hapa, unaoga tu."

Ojok, askari wa magereza ambaye Eucabeth humshonea sare, haelewi watu wanalalamikia nini. "Jinja ililala miaka mingi. Kiwanda imefunga, taa ya barabara imekufa. Sasa mtu analeta nyumba mpya, mnalia? Mimi napita hapa naona iko mzuri, moyo yangu inafurahi."

Eucabeth alikuwa upande wa Ojok, na hafichi. Mzee Matia alipowaita mafundi wa barazani na kuwaahidi nafasi ya kwanza ya kupanga, wengi walikataa, wakaenda sokoni. Vyumba vya chini vilikuwa vimeshachukuliwa na wenye maduka ya jumla. Vilibaki vya juu. Eucabeth alikuwa wa kwanza kusema ndiyo.

"Nilichoka kufagiliwa vumbi usoni," anasema. "Nilitaka mlango wangu, na dirisha, na mtu apande kuja kwangu kama anaenda ofisi. Ni mimi nilimwambia Douglas achukue kile cha mbele yangu. Alikuwa kona ile nyingine, alikuwa hajui hata jina la Ivy. Nimejiletea mwenyewe."

Jumba lilifunguliwa Februari. Mwezi uliofuata likatokea jambo ambalo hadi leo linasimuliwa Budondo kwa vicheko.

Mlinzi wa jumba ni Kirunda, ambaye kiti chake kiko chini kabisa ya ngazi. Asubuhi moja alikwenda uani kuchota maji. Wakati huohuo Hajarah, mteja wa Eucabeth wa tangu barazani, alipanda juu kujaribu gomesi yake. Hajarah ndiye mama wa mke wa Kirunda.

Gomesi ilimkaa vizuri, akalipa, akaaga. Dakika chache baadaye akarudi, akasema jua ni kali, atapumzika kidogo. Akatoka tena, akarudi tena. Safari hii alisema anapenda kuangalia mji kutoka dirishani.

"Mimi nikadhani amependa ghorofa," anasema Eucabeth. "Nikajisifu moyoni. Nikampa kiti. Nikamwonyesha na ziwa. Kumbe mama wa watu amefungiwa."

Kirunda alikuwa amerudi kwenye kiti chake. Hajarah aliiona kofia yake kutoka juu, na hangeweza kupita, wala hangeweza kumwita mtu apige kelele kwamba mkwe aondoke, kwa kuwa hilo nalo ni aibu. Akakaa kimya hadi saa tisa alasiri, magari ya Budondo yakiondoka moja baada ya jingine.

Siri ilitoka alipoanza kulia. Eucabeth alishuka kumwomba Kirunda asogee. Kirunda alisimama, akakaa, akasimama tena. Wiki hiyo mzigo wa mpangaji mmoja ulikuwa umeibwa, naye alikuwa ameonywa kwamba akionekana mbali na kiti hicho mchana, kazi hana.

"Mimi nilikuwa nimesikia baridi mwili yote," Kirunda anakumbuka. "Mama mkwe yangu iko juu, kazi yangu iko chini. Nikaangalia ukuta tu."

Eucabeth alirudi juu akifikiri. Juu ya meza kulikuwa na kitambaa cha buluu ambacho Ojok alikuwa ameleta kwa ajili ya majoho ya kwaya ya kanisa la magereza, bado hakijakatwa. Akamwita Ivy, akamwita na fundi redio wa mlango wa pili. Ivy akashika ncha moja chini karibu na kiti cha mlinzi, Douglas akashika nyingine juu, kitambaa kikatanda ngazi nzima kama ukuta. Hajarah akashuka upande mmoja, ameinamisha kichwa, kifurushi cha gomesi kwapani. Upande wa pili Kirunda ameukabili ukuta, macho ameyafumba juu ya hayo.

Hajarah alifika barabarani, akapata gari la mwisho. Kwenye ngazi, Ivy na Douglas walibaki wameshika kitambaa, wakicheka hadi wakakaa chini.

"Ilianzia hapo," anasema Ivy, msichana wa miaka ishirini na mitatu anayemsaidia mama yake kutia vifungo. "Alinisaidia kukikunja. Kukunja kitambaa kirefu lazima mkutane katikati."

Tangu siku hiyo, wapandao na washukao katika jumba hili hukohoa kwanza. Hakuna aliyetoa amri. Aliye juu akisikia kikohozi hujibu kwa kukohoa, au hutaja jina lake, na mwenye mkwe wake hungoja. Wageni kutoka Kampala hudhani jengo lina vumbi.

Lakini kukohoa hakukurudisha wateja. Habari za Hajarah zilifika kila kijiji, na wanawake wengi wakaona heri wasipande. Baadhi hutuma kamba yenye mafundo ya vipimo, fundo la kiuno, fundo la mkono, na Eucabeth hushona akiomba Mungu mafundo yasiwe yamefunguka njiani. Siku hizi wiki ikimpa gomesi mbili, anashukuru.

Na sasa zamu imemfikia yeye. Douglas alipoleta posa mwezi Julai, Eucabeth alipiga vigelegele, akachinja kuku. Usiku huo alilala vizuri. Asubuhi, anasema, aliweka mguu kwenye ngazi ya kwanza ndipo akaelewa alichokubali.

"Nilimcheka Hajarah miezi minne," anasema. "Sasa natamani nimwombe radhi."

Alimwendea Mzee Matia kuomba ngazi ya pili, nyuma ya jumba. Mzee Matia hakumfukuza. Alimpa kiti na soda.

"Mama Ivy, ngazi hailipi kodi," akamwambia.

Alipoulizwa na mwandishi wa habari hizi, Mzee Matia alikiri kwamba ramani ya kwanza ilikuwa na ngazi ya nyuma. Aliifuta ili apate duka moja zaidi. "Nilifikiri watu wakifika mjini, mambo ya wakwe wanaacha nyumbani," alisema. "Mimi mwenyewe mama mkwe wangu hajaliona hili jumba. Ametuma salamu tu kwamba ni zuri. Sasa najua kwa nini."

Ameahidi kutoboa ukuta wa nyuma na kuweka ngazi ya chuma. Wachomeleaji wameshapima. Lakini vyuma bado, na ahadi yake ni "baada ya Krismasi." Wazee wa Ugenya wameshataja wiki ya pili ya Disemba, na hawasogezi siku kwa ajili ya vyuma.

Douglas alijitolea kuhama arudi kwenye kona yake ya zamani. Ivy alilia siku nzima, kwa kuwa kona ile sasa haina umeme, na fundi redio bila umeme ni mtu mwenye bisibisi tu. Eucabeth akakataa katakata.

"Nimempa mtoto wangu mume mwenye kazi," anasema. "Siwezi kumnyang'anya kazi nikabaki na ngazi."

Kwa hiyo atashuka yeye. Siku Douglas akielekea Ugenya, cherehani itatelemshwa hadi kwa Brendah, mwuza chai wa nyuma ya soko, ambaye amemkubalia kona ya kibanda chake. Mlango wake, dirisha lake na ziwa lake vitamngoja hapa juu. Mzee Matia amekubali kutompangishia mtu mwingine chumba hicho hadi Machi. Ngazi ya nyuma ikiwa tayari, atapanda tena kwa upande wake, na Hajarah amemtumia ujumbe kwamba atakuwa mteja wa kwanza kuijaribu.

Na asiporudi? Eucabeth anavuta uzi, anaukata kwa meno. Ng'ambo ya barabara baraza jingine limeanza kuvunjwa, na halmashauri ya mji imewaita wakazi mkutanoni Oktoba kutoa maoni. Atakwenda.

"Nasikia watauliza kama tunapenda vioo," anasema. "Mimi vioo napenda. Nitauliza ngazi ni ngapi, halafu nitakaa chini."

Saa kumi na moja jioni anafunika cherehani na kufunga mlango wake kwa ufunguo ambao huufuta kwanza kwenye kanga. Juu ya ngazi anakohoa. Kutoka chini Kirunda anajibu kwa kikohozi chake kinene: njia nyeupe, hakuna anayepanda.

Douglas ameshatoka, mkono ameunyoosha. Eucabeth anautazama mkono huo muda mrefu kuliko kawaida kabla ya kuushika.

"Nishike vizuri," anamwambia. "Disemba inakuja."

Wanashuka pamoja, polepole, na leo goti si sababu.